Sare ya Mabanga na Leso Iliyotundikwa Katikati

Mmeniomba niandike, nami nimekaa nikaandika. Katibu wenu alitaka kurasa chache za mawaidha kwa waamuzi wanaoanza. Mawaidha sina. Nina daftari kumi na nne, saa moja ya chesi ya kutiwa ufunguo ambayo upande wake wa kushoto hukimbia, na mchezo mmoja ulioisha sare huko Mabanga, ambao umenikalia rohoni kuliko mingine yote. Vyeo na vyeti vilisomwa siku mliyoniaga, na nilisifiwa hadi nikajipapasa kuona kama bado ninapumua. Hapa nitaeleza kazi.

Kwa msionijua, mimi ni Mwalimu Njeri wa Tuwan, Kitale. Darasani nilifundisha hesabu. Jumamosi niliamua mashindano ya chesi, au sataranji kama wanavyoiita watu wa redio, kuanzia Kitale hadi Bungoma. Wazazi wangu walihamia Trans-Nzoia kutoka Murang'a ili walime mahindi, na hawakuelewa hata siku moja jinsi mtu mzima anavyoacha palizi akaenda kutazama watu wamekaa kimya. Mama aliwaambia majirani kwamba ninafanya kazi ya ulinzi.

Kazi nilifundishwa na Mzee Barasa wa Kimilili, mtu mwembamba mwenye koti moja na penseli mbili. Siku yangu ya kwanza alinipa meza sita nizisimamie katika bwalo la shule moja hapo Kimilili. Kwenye meza ya tatu alikaa mchungaji ambaye alifumba macho na kuomba kabla ya kila hatua. Mimi ni mtoto wa kanisa. Niliona si vizuri saa ya mtu ikimbie akiwa anaongea na Mungu. Nikaisimamisha. Mchungaji akaomba dakika kumi na moja. Mpinzani wake, muuza vitunguu, alinitazama kama mtu anayemtazama mbwa aliyelala katikati ya barabara.

Mzee Barasa alikuja polepole, akaiwasha saa, akanivuta pembeni.

"Njeri," akasema, "Mungu ana wakati wote. Huyu ana saa moja na nusu."

Mchungaji akapunguza maombi mpaka ikabaki amina peke yake, na akashinda.

Jioni hiyo mzee alinipa mambo mawili ambayo nimeyabeba hadi leo. La kwanza: mwamuzi hasemi. Ukiona mchezaji anakaribia kupoteza malkia, unatazama dari. Ukiona mwenzake hajaona, unaendelea kutazama dari. Na mchezo ukiisha hutoboi siri, hata ukiulizwa na mke wake, maana leo utaeleza na kesho watasema unapendelea. La pili ni daftari. Mchezo ukiisha unaandika matokeo, unaandika saa, halafu unangoja. Wachezaji wakipeana mikono, unatia tiki. Bila tiki mchezo haujaisha, hata kama wachezaji wameshafika nyumbani wakalala.

Nilishika sana hayo mawili. Nilikuwa kijana, na kijana akipewa sheria mbili anatembea kama amepewa bunduki mbili.

Kesi ngumu zilikuwepo. Mara moja Kitale tulipoteza farasi mweupe tukaweka gunzi la mahindi mahali pake. Mchezaji mweusi alilalamika kwamba gunzi linamchanganya. Niliamua kwamba gunzi ni farasi mpaka farasi apatikane. Gunzi likala askari watatu, likamtisha mfalme mara mbili, na watazamaji wakaanza kulishangilia kwa jina. Farasi alipatikana wiki iliyofuata ndani ya buti la mvua la mtunza bwalo, lakini hakucheza vizuri kama gunzi.

Sasa Mabanga.

Yalikuwa mashindano ya siku mbili, katika ukumbi mmoja huko Mabanga wenye madirisha makubwa na picha ukutani ya ng'ombe wa maziwa iliyochorwa mishale ya kuonyesha sehemu zake. Mzee Barasa alikuwa amestaafu, lakini alikuja, akakaa nyuma na mfuko wake wa njugu. Mimi ndiye niliyekuwa mwamuzi mkuu kwa mara ya kwanza, na nilitaka siku hiyo ipite bila doa. Nilipanga wachezaji kwa kadi: jina, pointi, rangi ya kete. Mwenye pointi nyingi anakutana na mwenye pointi nyingi, basi.

Raundi ya mwisho kadi mbili zikabaki juu. Ya kwanza ilikuwa ya Mama Nekesa, muuguzi kutoka Bungoma, mwanamke mnene mwenye sauti ya wodini. Alikuwa amemaliza wa pili mara nne, na alitangazia ukumbi mzima kwamba hilo ndilo shindano lake la mwisho. Ya pili ilikuwa ya Wafula, mwalimu wa jiografia kutoka Kitale, ambaye wanafunzi wake walikuja na ngoma. Mama Nekesa alikuwa mbele kwa nusu pointi. Akishinda au akitoka sare, kombe ni lake. Wafula alihitaji kushinda.

Niliwaita kwenye meza ya kwanza. "Peaneni mikono," nikasema.

Mama Nekesa akavuta kitambaa cha kichwa kikafunika uso nusu. Wafula akageukia ukutani, akaanza kumsoma yule ng'ombe, kuanzia kwato.

Sheria yetu wakati huo ilikuwa wazi. Wachezaji wapeane mikono kabla ya kuanza. Anayekataa anaonywa mara mbili; mara ya tatu mchezo umepotea. Wakikataa wote, wanapoteza wote, na kombe linakwenda kwa wa tatu. Nikainua kidole kimoja.

"Onyo la kwanza."

Watu wa Bungoma waliokuwa wakitazama wakaanza kucheka wakiwa wameficha midomo. Nilidhani wananicheka mimi, na kwa kweli ndivyo ilivyokuwa. Nikainua cha pili.

"Onyo la pili. Nyinyi mmegombana wapi? Kama ni ugomvi wa nje, uacheni nje."

Wafula alikuwa amefika kwenye kiwele cha ng'ombe. Jasho lilimtoka. Mama Nekesa aliongea akiangalia dirisha, akasema, "Mwalimu, tafadhali." Neno hilo moja tu. Mwanamke aliyekuwa ameniamrisha siku mbili nzima nihamishe viti.

Nilikuwa na kidole cha tatu tayari. Hapo nikasikia njugu zikitafunwa karibu na sikio langu.

"Njeri, unafanya nini?" Alikuwa Mzee Barasa.

"Ninatekeleza sheria."

"Huyo ni mama mkwe wake, bana."

Mimi nimekulia nyumba ambayo mkwe akija anasalimia, anakaa, anakula, na akichelewa kuondoka anaonyeshwa jembe. Sikujua kwamba kwa Wabukusu mtu na mama mkwe wake hawapeani mikono, hawakai uso kwa uso, na wakikutana njiani mmoja anaingia shambani kwa watu ili mwenzake apite. Siku mbili zote hao wawili walikuwa wamekaa pembe tofauti za ukumbi, na mmoja akienda kunywa chai mwingine anasikia kiu imeisha. Kila mtu pale alijua isipokuwa mwamuzi mkuu.

"Si mngeniambia?" nikamnong'oneza.

"Wewe uliuliza pointi," akasema mzee. "Ukoo hukuuliza."

Nikamwambia sheria ni sheria. Akaniambia sawa, basi simama hapo mbele utangaze kwamba mama huyu amenyimwa kombe kwa sababu ya kuwa na adabu, halafu uone utatoka Mabanga kwa mlango gani. Nikasoma kitabu cha sheria upya, nimesimama, ukurasa kwa ukurasa. Kilikataza kelele, simu, kunong'ona na kumsumbua mpinzani kwa namna yoyote. Hakuna mahali kilipokataza leso.

Leso ilitoka kwa Nafula. Huyu ndiye mke wa Wafula na binti wa Mama Nekesa, na alikuwa amekaa katikati kabisa ya ukumbi na chupa ya chai ambayo hakujua ampelekee nani kwanza. Tulifunga kamba kutoka dirisha hadi dirisha, tukatundika leso juu ya meza ikashuka hadi kiganja kimoja tu juu ya ubao. Kila mmoja aliona ubao na mikono ya mwenzake, basi. Maandishi ya leso yakaangalia upande wa Wafula: MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Aliyasoma kwa saa tatu. Saa niliiweka pembeni mwa meza, na Mama Nekesa aliibonyeza kwa ncha ya penseli, vidole vyao visije vikagusana.

Mikono niliamua iahirishwe. Sikujua hadi lini.

Ufunguzi wao, vijana wangu, sijawahi kuona mfano wake. Mama Nekesa mwenye kete nyeupe alianza kwa kusogeza askari hatua moja, wakati kila mtu duniani anasogeza mbili. Wafula akajibu kwa hatua moja. Maaskofu wa pande zote wakaingia pembeni nyuma ya askari, kama watu waliosikia mgeni wasiyemtaka. Farasi walitoka, wakatazama katikati ya ubao, wakarudi. Hatua kumi na tano zikapita na hakuna kete iliyokanyaga upande wa mwenzake. Mara moja Mama Nekesa alikula askari pale mpakani, kama mtu anayebisha hodi, na Wafula akamla aliyebisha akiwa nyumbani kwake. Kete chache zilizolika zililika hivyo hivyo. Wafula hakuvuka kamwe.

Mimi ni mtu wa hesabu. Leso niliielewa, lakini ubao niliutazama kama fumbo. Nikajiambia huu ni mkakati mzito, hawa wanajenga kama wahandisi. Nikachora kila hatua kwenye daftari langu la nane na juu yake nikaandika, kwa wino mwekundu: Ufunguzi wa Mabanga.

Hatua ya thelathini na moja, Mama Nekesa alimweka malkia wake katikati, upande wake mwenyewe. Leso ilikuwa imelegea na sidhani aliona vizuri. Askofu wa Wafula, aliyejificha pembeni tangu asubuhi, alikuwa na mstari ulio wazi mpaka kwa malkia huyo. Hakuna aliyemlinda. Hatua moja, kombe linakwenda Kitale.

Nilitazama dari.

Niliporudisha macho, mkono wa Wafula ulikuwa juu ya askofu, hewani. Ulikaa hapo muda wa kuchemsha chai. Kisha ukahama, ukaishika ngome iliyolinda mstari wa nyuma wa mfalme wake, ukaisogeza mbele hatua moja, bila sababu yoyote.

Sasa mfalme wake alikuwa wazi nyuma. Mama Nekesa alihitaji tu kuteremsha ngome yake hadi mstari ule wa mwisho, mchezo umekwisha. Mkono wake ukaishika ngome. Nikasikia akivuta pumzi nyuma ya kitambaa. Akaisogeza hatua moja kando.

Wafula akarudisha ngome yake. Mama Nekesa akarudisha yake. Malkia bado amekaa pale pale, anaota jua. Wakarudia tena mzunguko ule ule. Nilihesabu: malkia aliachwa mara nne, mfalme akaachwa mara mbili, na mimi shingo ilikuwa inaniuma kwa sababu ya dari. Hali ilipotokea mara ya tatu, Wafula akaongea, sauti imekauka: "Mwalimu, hali imejirudia mara tatu. Naomba sare."

Nikahakikisha, nikakubali. Sare. Mama Nekesa akapata kombe, ukumbi ukalipuka, ngoma za Kitale zikanyamaza. Wafula alitoka kwa mlango wa nyuma, mama kwa mlango wa mbele. Nikaandika matokeo, nikaandika saa, nikaacha nafasi ya tiki.

Nafula alinifuata nikikunja kamba. "Mwalimu, nani alikuwa anashinda?"

"Mwamuzi hasemi," nikamwambia, na nilijivunia sana jibu hilo.

Kuanzia mwaka uliofuata nilifundisha Ufunguzi wa Mabanga kwa wanafunzi wangu wote wa Tuwan. Hatua moja moja, maaskofu pembeni, hakuna kuvuka. Walipigwa Kimilili, wakapigwa Bungoma, wakapigwa na shule ambayo ilikuwa imenunua ubao wiki hiyo. Walisongwa hadi farasi wakakosa pa kukanyaga. Msichana mmoja mwenye akili aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, tunavuka lini?" Nikamwambia tunangoja wakati ufaao. Amekuwa daktari sasa, na sidhani amenisamehe.

Nafula naye hakuchoka. Tulikutana sokoni Kimilili, akauliza. Tulikutana kwenye mazishi ya Mzee Barasa, akauliza akiwa bado analia. Miaka ilivyokwenda, nikajua kwa nini. Ule mwiko wa ukwe huwa una mwisho wake, na kwao wazee walikuwa wameshauondoa. Blanketi lilitolewa, mbuzi akachinjwa, Wafula na mama mkwe wake wakaruhusiwa kusalimiana kama watu wengine. Lakini hawakusalimiana. Wafula alimwambia mkewe kwamba yeye ndiye aliyeacha kombe liende Bungoma, na mama hakuona kitu, kwa hiyo mama ndiye akubali kwanza. Mama alimwambia binti yake kwamba mumewe aliokolewa asiaibike mbele ya wanafunzi wake na hata shukrani hana, akubali kwanza. Krismasi walikula katika vyumba viwili. Wajukuu walibeba salamu kutoka kiti hadi kiti, na Nafula katikati na chupa ya chai.

Nami nilijua ukweli wote, na nilikaa kimya. Niliona uchungu, nasema wazi. Usiku mwingine nilijiambia Mzee Barasa hakumaanisha hivi. Lakini nilikuwa nimefundisha waamuzi wangapi kwamba mwamuzi hasemi?

Siku mliyoniaga Kitale, wote watatu walikuja. Mama Nekesa sasa anatembea na fimbo. Alikaa karibu na keki. Wafula, mvi kichwa kizima, alikaa karibu na mlango. Hotuba zilipokwisha Nafula akaja mbele yangu.

"Mwalimu, umestaafu kweli?"

"Nimestaafu."

"Hata kwa barua?"

"Hata kwa barua. Wameisoma sasa hivi."

"Basi wewe si mwamuzi tena," akasema. "Sema."

Nilitafuta kosa katika hoja hiyo sikuliona. Nikaenda kwenye gari nikaleta daftari la nane. Nikasimama katikati ya chumba nikasoma kwa sauti, hatua ya thelathini na moja hadi mwisho. Nikasema malkia aliachwa mara nne. Nikasema mfalme aliachwa mara mbili. Nikasema niliona mkono wa kila mmoja ukisita, na hakuna mkono unaosita juu ya kitu ambacho haujakiona.

Mama Nekesa akagonga fimbo sakafuni.

"Mwalimu, mwambie huyo," akaanza, kwa mazoea. "Mwambie mara ya kwanza malkia nilimweka vibaya. Leso ilinizuia. Lakini zile zingine nilimwacha makusudi, nione adabu yake inafika wapi."

"Mwambie mama," akasema Wafula kutoka mlangoni, "kwamba ningevukaje kwenda upande wake kumchukua? Tangu hatua ya kwanza sikuvuka."

Hapo ndipo nilipoelewa Ufunguzi wa Mabanga. Mkakati haukuwepo. Palikuwa na mtu mzima anayeogopa kuingia kwa mama mkwe, na mama mkwe anayeogopa kufika hadi chumba cha ndani cha mkwe wake. Na mimi nikawafundisha watoto wa Tuwan miaka kumi na minane. Kama kuna mwanafunzi wangu anayesoma hapa, naomba radhi. Vukeni.

Mama Nekesa akasimama. Ilimchukua muda, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akatembea hadi katikati ya chumba na kusimama.

"Wafula," akasema. Sikuwahi kumsikia akilitaja jina hilo. "Ulimwona malkia?"

"Nilimwona, mama."

"Mara zote nne?"

"Zote nne."

"Mimi nami nilimwona mfalme wako," akasema. "Ulimwacha vibaya sana. Nilitaka kukuchapa." Akatoa mkono.

Wafula akaja kutoka mlangoni. Alipangusa kiganja kwenye suruali mara mbili, akaupokea mkono huo kwa mikono yake yote miwili, akainamisha kichwa. Nafula aliweka chupa ya chai chini.

Nililia, sitaficha. Halafu nikafungua daftari la nane mahali nilipoacha nafasi, nikatia tiki.

"Mwalimu," akasema Mama Nekesa, bado ameshikwa mkono, "sasa kombe libaki kwangu au nilirudishe?"

Nikatazama dari.